Mbwa wa kuchunga, na mashimo ya Mugunga

Papa mmoja wa Kolwezi ametuandikia. Ana mbuzi 12, na rafiki yake anataka kumuuzia mtoto wa berger allemand. Amemwambia: “Mbwa hii itachunga yenyewe, wewe utalala tu.” Je, ni kweli?

Papa, ni kweli nusu. Nusu ile ingine inaweza kukula mbuzi zako.

Tuangalie mwili kwanza. Yule Border Collie wa Scotland na Uingereza si mbwa mkubwa: dume hufika kama santimeta 53 begani. Akiona kondoo anashusha kichwa mpaka usawa wa mabega, anakunja miguu ya nyuma, mkia chini, anakwenda kama paka anayenyemelea panya. Habweki ovyo. Macho yake ndiyo fimbo yake. Halafu anazunguka mbali, mviringo mpana, kusudi kundi lisitawanyike, na ukipiga mluzi analala chini palepale. Ukichunguza vizuri, hayo ni mawindo: kutazama, kunyemelea, kukimbiza. Watu walichagua, kizazi kwa kizazi, wale mbwa wanaosimama kabla ya kuuma na kuua. Sasa mbwa asiyefundishwa, nani atamwambia asimame?

Berger allemand ana kazi ya namna ingine. Dume lake ni santimeta 60 mpaka 65. Kule Ujerumani kondoo walikula kando ya mashamba yasiyo na lupango, na mbwa alikwenda na kurudi kwenye mpaka kutwa nzima, yeye mwenyewe akiwa lupango inayotembea. Kwa hiyo anakimbia polepole, hatua ndefu, bila kuchoka upesi. Ndugu yake Malinois, mwenye jina la mji wa Malines, ni wa Ubelgiji. Profesa Reul ndiye alikusanya mbwa wa kuchunga wa kule mwaka wa 1891 ili awapange kwa aina. Leo wengi wao wako kwa polisi na askari. Mbwa hawa wote hawawezi kukaa bure. Mfunge mnyororo nyuma ya nyumba miezi sita, atajitafutia kazi: atachunga kuku, atachunga baiskeli, atachunga watoto wa jirani kwa meno.

Na kwetu? Kwenye vilima vya Masisi ng’ombe huchungwa kwa fimbo, kwa mluzi na kwa mdomo. Mbwa anafuata tu, na usiku anabweka mtu akikaribia. Nilipopita Mugunga, magharibi ya Goma kwenye barabara ya Sake, nilimkuta muzee mmoja na ng’ombe wachache. Mbwa wake alikuwa wa kijiji, rangi ya udongo, mwembamba, masikio wima, miguu mikavu. Mawe ya volkano pale yanakata kama chupa, lakini yeye alipita bila kuchechemea. Nikaona kitu: mbwa alitembea nyuma ya muzee, hata hatua moja hakutangulia.

“Muzee, juu ya nini imbwa yako haitangulie?”

“Mwanangu, ya kwanza ilikuwa inatangulia. Ilikufa mu mazuku.”

Wengi wanaijua Mugunga kwa jina la kambi: wakimbizi wa Rwanda tangu 1994 mpaka 1996, kisha wenyeji waliokimbia vita katika miaka iliyofuata. Mazuku hawayajui. Ni mabonde madogo na nyufa kati ya mawe, ambamo gazi kaboniki inatoka chini ya ardhi. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, ndiyo maana inalala chini kama maji katika sahani. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma inapungua, lakini katika mashimo mengine haiishi kabisa.

Sasa mkumbuke yule mbwa anayeshusha kichwa. Mtu mzima anaposimama pua yake iko juu ya ile gazi, lakini mbwa, mbuzi na mtoto mdogo wamo ndani. Karibu na Napoli, Italia, kuna pango linaloitwa Pango la Mbwa, Grotta del Cane. Zamani waongozaji waliingiza mbwa humo mbele ya wageni: watu wamesimama wazima, mbwa anazimia miguuni pao, kisha wanamtumbukiza katika ziwa ili azinduke. Walilipwa kwa mchezo huo. Mimi ningewafunga wao mnyororo.

Ninyi mnaoshuka visimani mnaijua hewa hii kwa jina lingine: taa inazimika, na mwenzenu aliyetangulia hajibu. Huku juu ni vilevile. Mbwa anaanguka, mchungaji anainama kumvuta, naye anaanguka, ndugu yake anakuja mbio. Ikiwa mnyama ameanguka katika bonde, usishuke wala usiiname. Vuta kwa kamba kutoka juu, na kama kamba haifiki, mwache. Ukiona ndege au mijusi waliokufa mahali pamoja, rudi. Na mbuzi, msimfunge kamba usiku mahali pa chini. Asubuhi mtakuta ngozi tu.

Nilimuuliza muzee kwa nini anatoka saa tatu, wakati jirani zake wanatoka saa kumi na mbili. Alionyesha ziwa kwa fimbo: anangoja upepo.

Basi, papa wa Kolwezi: kwa mbuzi 12, kijana mmoja na mbwa wa kijiji wanatosha. Ukishikilia huyo berger, muulize rafiki yako wazazi wake walifanya kazi gani, na kama walichunga, waende kuonyesha. Usimwache peke yake na mbuzi kabla ya kujua kusimama kwa neno moja. Akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, na kila mwaka tena. Akiuma mtu, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ileile.