TANGAWISI: TUIAMINI MPAKA WAPI?



Kila mara tunaporudi masomoni Butembo kutoka Kasindi, Beni ao Lubero, kamyo inatutikisa na wengi tunatapika njiani. Ndiyo maana mama zetu wanatutilia kipande cha tangawisi mfukoni. Wengine darasani wanacheka: “Dawa ya wazee hiyo, haina sayansi.” Sisi tunaona wanakosea. Lakini wale wanaoiamini kwa kila tapiko nao wanakosea.

Mwaka 1988 waganga wa Denmark walitangaza jaribio walilofanya katika merikebu. Walichukua vijana 80 wanaojifunza kazi ya wanamaji, wasiozoea mawimbi makali. Wengine walipewa gramu 1 ya unga wa tangawisi, wengine unga usio dawa, na hakuna aliyejua amemeza nini. Waliomeza tangawisi walitapika kidogo zaidi, na jasho baridi lilipungua. Lakini kwa moyo kuchafuka na kizunguzungu, tofauti haikutosha kuwa hakika. Majaribio mengine yameonyesha kwamba inasaidia wamama wenye mimba. Basi msaada uko, lakini una mpaka.

Sisi wenyewe tulisahau mpaka huo. Usiku mmoja ku interna mwenzetu alitapika mara nyingi, mwili ukiwa moto. Tulimpikia chai ya tangawisi, tukamfunika blanketi, tukanyamaza, kwani tuliogopa kumwamsha msimamizi. Asubuhi hakuweza kusimama. Ku hopitali walipima damu: malariya. Tangawisi haiui malariya. Tulimpotezea usiku mzima, tukidhani tunamsaidia.

Tena sisi watu wa Beni na Butembo tusingepaswa kusahau. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua watu zaidi ya 2.200, na kutapika kulikuwa alama yake moja. Wakati ule ule, hapa hapa kwetu, dawa 4 zilijaribiwa kwa kuzilinganisha, na 2 zikaonekana zinaokoa watu wengi zaidi. Basi tusiseme kupima dawa ni mambo ya Wazungu tu. Wagonjwa wa kwetu walikubali kupimiwa, na ulimwengu ulijifunza kwao.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wanafunzi, tangawisi mutumie kwa safari, hakuna mubaya. Lakini mtu akitapika na homa, ao akitapika damu, ao hata maji hayakai tumboni, apelekwe kwa munganga saa ile ile. Na ninyi walimu wetu wa interna, mutuambie wazi kwamba anayepiga hodi usiku kwa ajili ya mgonjwa hatapata azabu. Usiku ule tulikuwa na tangawisi ya kutosha. Kilichokosekana ni ruhusa ya kupiga hodi.



Sisi wa interna