Ipe Linux sura ya Windows, lakini usimdanganye mtu

Kama laptopu yako ya mtumba imekataa Windows 11, usiitupe bado. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, lakini mashine yenyewe ingali na maisha. Weka Linux Mint, menyu utaipata kona ya chini kushoto, palepale mkono umezoea. Zorin OS nayo inakuachia uchague mpangilio unaofanana na Windows. Zote zinapatikana bure. Ongeza aikoni unazopenda, na mteja wa saiba hapa Lurambi ataingia eCitizen bila kubabaika.

Wapo wanaocheka eti huko ni kuiga. Wacheke tu. Anayeogopa kompyuta huanzia kwa anachokijua, mengine atayazoea polepole.

Ila sura ni sura tu. Programu za Windows hazifunguki hivi hivi, na faili ya Word ukiifungua kwa LibreOffice inaweza kuvurugika mpangilio. Ukimuuzia mwanafunzi wa Masinde Muliro mashine hiyo ukiapa ni Windows, atagundua usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Huo si ujanja, ni wizi. Mwambie mapema, achague mwenyewe.