Karata Hazimjui Mchumba Wako

Binti msomaji, uliyeachwa na mchumba, umesikia kwamba Ulaya watu hutazamia mapenzi kwa karata ziitwazo taroti, nawe wataka kujua kama zina kweli. Sikiliza asili yake. Zilianza kaskazini ya Italia katika karne ya 15, karata 78 za mchezo tu, kama wazee wetu wachezavyo bao. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin akaandika kwamba ni hekima ya Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi yenyewe ya Misri yalikuja kusomeka mwaka 1822. Lakini waaguzi waliidaka habari ile upesi (fedha ina harufu!).

Karata ya 13 ni Mauti, kiunzi cha mifupa chenye mundu. Mwaguzi atakuambia: si kifo, ni mambo ya kale kwisha, mwache aliyekwenda. Shauri si baya, ila shangazi yako angekupa bure, naye amjua huyo kijana. Tena kesho karata nyingine ikisema atarudi, utamngoja miaka mingapi?

Barua zake zichome. Wazee wamalize habari ya mahari. Nawe Jumapili rudi kwenye kwaya, wenzako wanakungoja.