Mzee akianguka kifafa ukubwani, mpimeni presha

NENO LA ALHAMISI
Na Rehema Kilongozi

Mtu wa miaka 65 akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, ukoo hugawanyika palepale. Upande mmoja unaanza kumsaka mchawi, na kuulizana kwa nini karogwa sasa, mara tu baada ya kugawa shamba. Upande wa pili, unaojiona umesoma, unamfikisha kliniki, anapewa vidonge, anarudi nyumbani, na habari inaishia hapo. Ugomvi wangu leo ni na upande huu wa pili, maana ulikaribia kupatia.

Kifafa kinachoanza uzeeni mara nyingi chanzo chake ni mishipa ya damu ya ubongo. Kiharusi tunakijua kile cha mdomo kwenda upande na mkono kupooza. Vipo pia vidogo vinavyopita bila mwenyewe kuhisi lolote, vikaacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo ndilo huja kumwangusha mtu baadaye. Mwaka 2004 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu walioanza kuanguka wakiwa na miaka 60 au zaidi, ambao hawakuwa wamewahi kupata kiharusi. Waliokuja kupata kiharusi miongoni mwao walikuwa karibu mara tatu ya wenzao wa rika hilo wasio na kifafa. Kifafa kilikuwa kimetangulia kupiga hodi, na kubwa lilikuwa linakuja nyuma.

Kwa hiyo kumpa mzee huyo kidonge cha kifafa na kumuaga ni kazi nusu. Apimwe presha, sukari na mafuta kwenye damu, na apimwe moyo kwa kile kipimo cha kubandika waya kifuani, kwa sababu wapo wanaoanguka kwa kuwa moyo umepoteza mapigo, na miaka yote wanatibiwa kifafa wasichokuwa nacho.

Kisha kuna vidonge vyenyewe. Fenobabitoni imetumika kutibu kifafa tangu 1912, na mpaka leo ndiyo mkombozi wa maskini. Daktari Louise Jilek-Aall, yule Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya 1960 ilipoanza, aliitegemea dawa hiyohiyo, na watu waliokuwa wametengwa na jamii wakarudi shambani. Siisemi vibaya. Lakini fenobabitoni, pamoja na fenitoini na kabamazepini, huchochea ini, na ini lililochochewa hufanya kazi kama kibarua wa kulipwa kwa kipande: linavunja haraka kila kinachopita mbele yake. Linavunja nifedipini ya presha kabla haijafanya kazi yake sawasawa. Linavunja simvastatini ya kupunguza mafuta. Na mafuta yenyewe kwenye damu yanapanda. Mwaka 2009 madaktari wa Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa waliotolewa kwenye fenitoini au kabamazepini na kuhamishiwa dawa mpya, mafuta yao yalishuka ndani ya wiki 6 tu.

Wa kuangaliwa zaidi ni waliopandikizwa vali za moyo za chuma, ambao humeza warfarini maisha yao yote ili damu isigande. Akiongezewa kabamazepini bila daktari wa moyo kujua, warfarini inapungua nguvu na damu inaweza kuganda. Akiiacha kabamazepini ghafla, warfarini inapanda taratibu na anaweza kuvuja damu. Ndiyo maana sitaki msomaji aweke gazeti chini na kwenda kumwaga vidonge vya mama yake. Kukatisha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mianguko mfululizo isiyokoma, na hiyo inaua.

Kinachoniudhi ni jinsi tulivyopanga huduma. Mara nyingi kifafa kinahudumiwa kliniki ya afya ya akili, presha ina kliniki yake na siku yake, na mgonjwa mmoja ana madaftari mawili yasiyoonana. Wa huku anaandika kabamazepini, wa kule anashangaa presha haishuki, anaongeza dozi. Wapo wanaodai dawa mpya kama levetirasetamu zijazwe kila zahanati. Ningefurahi, ila bei zake tunazijua. Mashine ya presha haihitaji kusubiriwa, ipo chumba cha pili, na hakuna sababu mgonjwa wa kifafa mwenye umri mkubwa atoke bila kuvishwa mkanda wake.

Ukimpeleka mzazi wako kliniki ya kifafa mwezi huu, tia kwenye mfuko mmoja vidonge vyote anavyomeza, vya moyo, vya presha na vile alivyonunua duka la dawa mtaani, pamoja na madaftari yote mawili. Vimwage mezani kwa daktari, umuulize vinavyopatana na visivyopatana, wala msiinuke kabla mzee hajapimwa presha.