Kilo Mnapima, Masikio Mnamwachia Nani?

Nenda kliniki yoyote ya watoto asubuhi, kuanzia Kashai mjini Bukoba hadi Nshamba na Kamachumu wilayani Muleba. Kina mama wamebanana kwenye benchi, kadi mkononi. Mtoto anavishwa kile kikaptula cha mizani, anatundikwa, anapiga mayowe, kilo zinasomwa, nukta inawekwa kwenye kadi. Kama ni zamu ya chanjo, anachomwa. Kama ni mwezi wa vitamini A, anadondoshewa. Haya mama, rudi mwezi ujao. Na mtoto huyo huyo, aliyening'inia mbele ya macho ya wataalamu, ana pamba sikioni, imelowa, inanuka. Hakuna aliyeuliza.

Tumezoea. Hilo ndilo linalonichoma. Mkoa mzima umezoea kuona usaha ukitiririka kwenye shingo ya mtoto wa miaka miwili kama tunavyozoea kuona kamasi. Mama akiuliza, anajibiwa ni meno yanaota. Akiuliza mbona mtoto haongei, anaambiwa asubiri, hata baba yake alichelewa. Anasubiri. Mtoto anafika miaka mitatu, minne, anaitwa bubu na wenzake, kisha anapelekwa darasani akachapwe kwa kosa la kutosikia.

Mimi nasema wazi: usaha sikioni ni ugonjwa, una dawa, na ukiachwa unamnyang'anya mtoto maneno. Na mtoto asiyeongea, achunguzwe masikio kwanza kabla hajaguswa ulimi.

Tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda. Kati ya koo na sikio la kati, lililo nyuma ya ngoma ya sikio, kuna mrija mwembamba. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama. Kwa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawasawa, hivyo mafua yakishika, wadudu wanapanda bila kizuizi. Bukoba ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Mtoto wetu hamalizi mafua ya leo kabla hajaanza ya kesho. Ongeza moshi wa kuni jikoni anakoshinda mgongoni mwa mama, ongeza chupa ya uji au maziwa anayonyonyeshwa akiwa amelala chali. Sikio linajaa. Homa inapanda, mtoto anavuta sikio, analia usiku kucha. Alfajiri kilio kinakatika ghafla na kanga aliyolalia ina usaha. Nyumba inashusha pumzi: limepasuka, sasa amepona. Kilichopasuka ni ngoma ya sikio.

Akitibiwa vizuri, mara nyingi ngoma hiyo huziba yenyewe baada ya wiki chache. Ugonjwa ukirudi na kurudi bila tiba, tundu linabaki, na usaha unakuwa mkazi wa kudumu.

Kuna aina nyingine inayonitisha zaidi kwa sababu haitoi hata tone. Majimaji mazito yanatuama nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki na miezi. Hakuna homa wala maumivu. Mtoto anakula, anacheza, ananenepa, na nukta yake kwenye kadi inapanda vizuri kabisa. Lakini anasikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukuta: anajua kuna watu wanazungumza, maneno hayashiki. Leo anaitika, kesho haitiki, kwa hiyo anaitwa mkaidi. Mara nyingi ni yule yule anayekoroma kama mzee na kulala mdomo wazi kwa sababu ya nyama za puani. Miezi hiyo ndiyo miezi ambayo lugha inajengwa kichwani. Ikipita, hairudishwi kwa fimbo.

Sasa tuwataje wanaohusika, mmoja baada ya mwingine.

Tuanze nyumbani. Bibi zetu wametulea na shikamoo yao iko palepale. Lakini bibi, maziwa ya mama yanywewe, yasimiminwe sikioni. Mafuta ya moto, maji ya majani, kitunguu kilichokamuliwa, vyote hivyo vikiingia kwenye sikio lenye tundu vinapeleka uchafu ndani kabisa. Pamba iliyosokomezwa na kuachwa kutwa inafungia usaha ndani. Na ninyi mnaoishi kando ya ziwa, Kemondo na visiwani Muleba, mtoto mwenye sikio linalotoa usaha asipigishwe mbizi ziwani. Maji yasiingie humo hadi lipone.

Kisha kuna wakata vimeo. Hawa sina adabu nao. Mtoto hajaongea, anapelekwa kwa fundi mwenye wembe au chuma, anakabwa na watu wazima, anakatwa kimeo. Au anaambiwa ana udata, anakatwa chini ya ulimi. Damu inamwagika, vidonda vinaoza, wengine wanafikishwa hospitali wameishiwa damu, na kisu hicho hicho kimepita kwenye midomo ya watoto wengine. Kimeo hakizuii mtoto kuongea. Udata wa kweli unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi, na daktari ndiye wa kuutazama, lakini haumfanyi mtoto akose hata neno moja. Mtoto hujifunza neno kwa kulisikia. Wewe unamkata koo ilhali mlango uliofungwa ni sikio!

Wapo na wasomi wetu wa mjini, wenye maelezo ya kisasa: eti bibi anamsemesha Kihaya, mama Kiswahili, mtoto amechanganyikiwa. Upuuzi. Watoto wa Afrika wamekulia lugha mbili na tatu tangu enzi, na lugha mbili hazimfanyi mtoto awe bubu. Hesabu maneno yake ya Kihaya na ya Kiswahili kwa pamoja. Kufikia mwaka mmoja awe anabwabwaja na kugeuka akisikia jina lake. Kufikia mwaka na nusu awe na maneno kadhaa ya kueleweka. Akitimiza miaka miwili aunganishe mawili: "mama njoo", "nipe maji". Kama hayo hayapo, kusubiri ni kumtelekeza.

Tutoke nyumbani, twende zahanati. Muleba ni nchi ya malaria, kila mtu anajua, hivyo mtoto mwenye homa anatobolewa kidole. Kipimo kikitoa mstari mmoja, hana malaria, mama anapewa panadoli na kuruhusiwa. Sikio halikuchunguliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto chini ya miaka mitano, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea miaka ya 1990, unamtaka mhudumu amuulize kila mama: je, mtoto ana tatizo la sikio? Linauma? Linatoa usaha? Tangu lini? Usaha wa chini ya siku 14 ni ugonjwa mpya: amoksilini kwa dozi kamili, dawa ya maumivu, arudi baada ya siku 5. Siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu: sikio likaushwe na kutiwa matone kwa wiki mbili. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dharura: apewe dozi ya kwanza na akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo ugonjwa umeingia kwenye mfupa na ubongo uko jirani. Haya yote yameandikwa. Yapo kabatini yanakusanya vumbi.

Na hiyo tiba ya sikio sugu ni jambo la kufundishwa mama kwa dakika tano. Unachukua kitambaa safi laini cha pamba, unakisokota kiwe utambi. Unakiingiza sikioni taratibu, unakiacha kinyonye, kikilowa unakitoa na kuweka kingine, hadi utambi utoke mkavu. Kisha unadondosha matone ya siprofloksasini. Mara tatu kwa siku, wiki mbili, bila kuruka. Matone juu ya usaha ni kazi bure, dawa haifiki. Lakini ni kina mama wangapi wamewahi kuonyeshwa utambi huo? Wengi wanaambiwa matone yameisha, kanunue nje. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure, na mama anatoka na karatasi ya bure kwenda kununua dawa.

Huko nje, duka la dawa linampa kulingana na alichonacho mfukoni. Hela ya nusu dozi, nusu dozi. Usaha usipoonekana kesho yake, chupa inawekwa juu ya kabati kwa ajili ya mdogo wake. Mwezi ujao usaha umerudi, na safari hii umekuja na ubishi. Na muuzaji anayetoa matone yoyote yaliyo karibu, hasa ya jentamaisini, kwa sikio asilolichungulia, ajue kwamba dawa hiyo yenyewe inaweza kuua usikivu ikipenya kwenye tundu.

Najua jibu linalokuja: hatuna wataalamu. Kweli, madaktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wachache, na wataalamu wa tiba ya usemi ni wa kuhesabu kwa vidole nchi nzima. Mzazi wa Muleba ana Rubya, Ndolage na Kagondo, ana hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, na suala likizidi anaelekezwa Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na tumelishangilia. Lakini daraja halimlipii mama nauli wala malazi, na sikio lililohitaji utambi na matone halikupaswa kuvuka ziwa hata kidogo.

Tena nani alisema Muleba haiwezi? Wilaya hii ndiyo iliyofanyiwa utafiti wa vyandarua vyenye PBO, kiambato kinachoongeza nguvu ya dawa ya mbu, ambao matokeo yake yalilifanya Shirika la Afya Duniani libadilishe mapendekezo yake mwaka 2017, na yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2018. Nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, watoto walipimwa damu na mbu walihesabiwa. Dunia ilijifunza kutoka Muleba. Wilaya iliyohesabu mbu inashindwaje kuchungulia sikio? Kifaa chenyewe ni kijitochi chenye lenzi. Kinashikwa kwa mkono mmoja na mganga wa zahanati anafundishika kukitumia.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu usikivu na kusema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unazuilika. Chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwishoni mwa mwaka 2012, inapunguza pia maambukizi ya masikio. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita kunasaidia. Mpishi kuhamisha moto mbali na mtoto kunasaidia. Tangu mwaka 2017 Muhimbili inawapandikizia watoto vifaa vya usikivu, na tunajivunia. Ila upandikizaji huo ni kwa mtoto ambaye sikio lake la ndani limekufa, na unagharimu mamilioni. Nchi inayomudu hilo haiwezi kukosa chupa ya matone Nshamba.

Na msinijibu kwa kunionyesha shule ya watoto viziwi ya Mugeza. Uziwi hauna aibu, na aliyezaliwa kiziwi ana haki ya lugha ya alama tangu utotoni, badala ya kufichwa ndani hadi afikishe miaka minane. Ndiyo maana nadai mapema: anayesikia nusu atibiwe, na asiyesikia kabisa ajulikane apewe lugha yake. Wote wawili leo wanaambiwa jibu moja, subirini.

Sisi ndio mkoa wa nshomile. Tunajitapa popote tulipo kwamba tumesoma, tumetoa maprofesa na maaskofu. Kisha tunamkalisha mtoto mwenye masikio yaliyojaa usaha nyuma ya darasa lenye watoto lukuki, mwalimu anafundisha herufi kwa sauti, na asipojibu anaitwa mjinga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunamkaripia. Na mkuu aliyekataa kulitazama sikio, avunjike nini?

Madai yangu hayahitaji ghorofa. Kila siku ya kliniki, baada ya mizani, mtoto aangaliwe masikio yote mawili na mama aulizwe maswali mawili: anasikia, anaongea? Majibu yaandikwe kwenye kadi. Kila zahanati ya Bukoba na Muleba iwe na kifaa cha kuchungulia sikio, betri zake, na matone yasiyokatika. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe utambi. Kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia zikija wilayani zije na wa masikio. Watoto wa darasa la awali wapimwe usikivu kabla hawajaguswa na fimbo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti za halmashauri zinapikwa miezi mingi kabla. Mama, usiondoke kliniki mpaka sikio limechunguliwa. Ukiambiwa meno yanaota, waambie meno hayatoi usaha sikioni. Baba, acha kujificha nyuma ya "hata mimi nilichelewa", mbebe mtoto twende. Na diwani akisimama kwenye mkutano wa kijiji kutuhesabia barabara na madarasa, mmoja wetu anyooshe mkono: mheshimiwa, zahanati ya kata yako ina kifaa cha kuchungulia sikio la mtoto, na matone yapo leo? Akisema hajui, mkutano uahirishwe aende akaangalie.