Mashambulizi Huzuiwa Wapi?

Mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, uliochezwa katika Uwanja wa Amaan tarehe 25 Mei, 2025 baina ya Simba na Renaissance Berkane ya Morocco, ulimalizika kwa sare ya bao 1-1, na kombe likachukuliwa na wageni kwa jumla ya mabao 3-1. Mjadala wake, hata hivyo, haukumalizika siku ile. Mabarazani, mjini na mashamba, Unguja na Pemba, wapenzi wa kandanda wamekuwa wakiulizana suali lile lile: timu yenye mashambulizi makali huzuiwa vipi?

Suali hilo si la upuuzi, wala hatuafikiani na wale wanaodhani kwamba mazungumzo ya barazani ni kupoteza wakati. Mtu anayeweza kueleza sababu za timu yake kufungwa ni mtu aliyetumia akili. Linalotusikitisha ni kwamba hoja nyingi, baada ya kelele na kahawa kupoa, huishia kwenye dawa moja tu, nayo ni kuongeza mabeki.

Dawa hiyo imewahi kutumiwa na watu hodari kuliko sisi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1982 huko Hispania, Cameroon, ikiwa na mlinda mlango wake mashuhuri Thomas N'Kono, ilicheza michezo mitatu bila ya kushindwa hata mmoja. Ilitoka 0-0 na Peru, 0-0 na Poland, na 1-1 na Italia. Afrika nzima ilijivunia ulinzi ule, na ilikuwa na haki ya kujivunia. Lakini Cameroon na Italia zilipolingana kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, yalihesabiwa mabao ya kufunga. Italia ilikuwa na mawili, Cameroon moja. Vijana wetu wakarudi nyumbani bila ya kufungwa na mtu, na Italia ikaendelea mpaka ikatwaa kombe lenyewe. Timu inayojaza watu wote langoni mwake huwa imejinyima watu wa kwenda kwa mwenzake.

Wapo wanaosema atafutwe yule mchezaji hatari peke yake, apewe mtu wa kumganda kama kupe. Hawa nao wana mfano wao, na ni wa mashindano yale yale. Claudio Gentile wa Italia alimganda Maradona, kisha akamganda Zico wa Brazil hadi kumchania jezi. Lakini ni vyema tukumbuke pia kwamba Brazil siku ile ilipata mabao mawili, moja la Sócrates na jengine la Falcão. Italia ilishinda 3-2 kwa sababu Paolo Rossi alifunga yote matatu ya upande wake. Zico alizuiwa, mashambulizi ya Brazil hayakuzuiwa. Na kabla ya hapo, mwaka 1953 katika uwanja wa Wembley, Waingereza walijifunza ubaya wa kumtazama mtu badala ya kutazama mchezo. Hidegkuti wa Hungary alivaa namba 9 lakini akacheza nyuma ya mahali walipomtarajia. Beki hakujua amfuate au abaki, na Hungary ikaondoka na ushindi wa 6-3, Hidegkuti mwenyewe akiwa amefunga matatu.

Sisi tunaona kwamba mashambulizi huzuiwa pale yanapoanzia. Chombo kinachovuja hakiokolewi na wingi wa wafua maji iwapo hakuna aliyekwenda kulitafuta tundu. Pasi inayomfikia mshambuliaji ikiwa safi, na yeye akiwa amekwisha geuka na kuliona lango, hata mabeki sita watababaika. Aliyepaswa kuizuia pasi ile ni kiungo, na kabla ya kiungo ni mshambuliaji wetu aliyepoteza mpira kisha akasimama na mikono kiunoni.

Hebu tuirejee fainali yetu kwa macho hayo. Katika mchezo wa kwanza kule Berkane, Simba ilifungwa mabao yote mawili ndani ya robo saa ya mwanzo, yaani kabla timu haijajipanga. Hapa Amaan ilianza vizuri, na Joshua Mutale akafunga katika dakika ya 17. Mapema katika kipindi cha pili kiungo wake mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu. Tangu hapo watu kumi walitakiwa watafute bao na wakati huo huo wazibe pengo la katikati, na bao la kusawazisha likaingia katika dakika za nyongeza. Wanaowalaumu mabeki kwa bao lile wamelitazama lango tu, hawakutazama pengo lilipokuwa.

Hapa ndipo tunapowaelekea viongozi. Kujipanga bila ya mpira, kufuatana, kujua nani asogee na nani abaki, ni mambo yanayofundishwa utotoni. Watoto wetu katika chandimu wanajifunza chenga, na wanajifunza vizuri sana, kwa sababu chenga haihitaji mwalimu. Kuzuia kunamhitaji. Uwanja wa Amaan umetengenezwa ukapendeza, na mwezi Agosti, 2025 ulipokea michezo ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ndani. Hilo ni jambo la fahari, lakini uwanja mkubwa ni mahali pa kuonyesha yale yaliyofundishwa kwengine.

Tunaiomba Wizara inayohusika, kwa kushirikiana na Shirikisho la Mpira wa Miguu la Zanzibar, ihakikishe kila wilaya kati ya wilaya zetu 11 ina walimu wa mpira waliosomea kazi hiyo, wanaofika maskulini jioni na si wanaotajwa kwenye ripoti tu. Maofisa wa wilaya wanavijua viwanja vilivyovamiwa na ujenzi na vile vinavyogeuka madimbwi wakati wa masika. Navyo vishughulikiwe kabla ya ligi za vijana kuanza.