Viza ya mwekezaji Dubai: tusiache mbachao kwa msala upitao

Wiki iliyopita baada ya Isha, mpwa wangu alinijia barazani na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni nakala ya hatimiliki ya shamba la minazi alilotuachia marehemu baba huko Takaungu, mimi na dada zangu wawili. Ya pili ni tangazo la wakala mmoja wa safari, la rangi rangi, likimuahidi kila mwenye mtaji iqama ya Dubai kwa jina la biashara yake mwenyewe.

"Mjomba," akaniambia, "mama na khalati wamekubali tuuze. Imebaki sahihi yako."

Sikutia sahihi. Lakini pia sikumuona mjinga, na nataka nianze na haki yake. Vijana wetu wengi waliokwenda Ghuba wamekwenda chini ya kafili. Kazi ni ya kafili, iqama ni ya kafili, na wako waliozuiliwa hata pasipoti zao. Mwenye iqama ya uwekezaji hana bwana wa namna hiyo. Tangu Juni 2021 mgeni anaweza kumiliki kampuni kwa asilimia 100 katika biashara nyingi za Imarati hata nje ya maeneo huru, bila kutafuta mshirika mwenyeji. Kijana akitamani kuwa kafili wa nafsi yake, hilo si kosa.

Shida ni kwamba wakala huchanganya vitu viwili. Kipo kibali kinachoitwa viza ya dhahabu, cha miaka 10. Anayekitafuta kwa kununua nyumba hutakiwa awe na mali ya dirhamu milioni 2, ambazo kwa pesa zetu ni kama shilingi milioni 70. Shamba letu la Takaungu, na minazi yake yote, halifiki hata robo.

Wanachouziwa watu wa kadiri yetu ni kitu kingine. Unasajili kampuni ndogo, mara nyingi katika eneo huru la biashara, unapewa leseni, na kwa leseni hiyo unapata ukaazi wa miaka 2. Ni njia halali kabisa. Lakini leseni hulipiwa kila mwaka, umeuza au hukuuza. Kuna ada ya ofisi, vipimo vya afya, kitambulisho na bima ya matibabu. Ukimchukua mke na watoto, iqama zao huning'inia kwenye yako, na ada za shule za kule si za Mombasa. Biashara ikilala, leseni haitahuishwa, na leseni ikifa iqama huifuata. Ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi 6 mfululizo, iqama hii ya kawaida hufutika.

Kwa hivyo usiambiwe kuwa unanunua Dubai. Unapanga, na kodi haikusubiri upate wateja. Hata uraia hauji kwa kuhesabu miaka. Sheria ya Imarati ilirekebishwa mwaka 2021 kuruhusu baadhi ya wawekezaji na wataalamu kupewa uraia, lakini ni kwa kupendekezwa na wenye nchi. Hakuna fomu ya kwenda kuijaza.

Na mwenye nyumba anaweza kubadilisha masharti wakati wowote. Uingereza ilikuwa ikitoa viza kwa mwenye pauni milioni 2; ikaufunga mlango huo Februari 2022. Ireland ikafuata Februari 2023. Ureno mwaka huo huo ikaondoa ununuzi wa nyumba katika mpango wake. Uhispania, iliyokuwa ikitaka nyumba ya euro 500,000, ilifunga tarehe 3 Aprili 2025. Hao waliofungiwa ni mamilionea. Sisi tutakuwa nani?

Tusiwalaumu, maana hata Kenya ina mlango kama huo. Mgeni anayetaka kibali cha daraja la G ili afanye biashara hapa huonyesha mtaji wa dola 100,000. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 65, haimpi ardhi moja kwa moja. Humkodisha tu, na mkataba hauzidi miaka 99. Waliotunga Katiba walijua kwamba pesa za mgeni hupokewa, na ardhi hubaki ya wenyeji.

Sasa tazama hesabu ya mpwa wangu. Tunauza milele, tunanunua miaka miwili. Pwani hii imelia miaka na miaka juu ya dhulma za ardhi, na kulia ni haki yetu. Lakini kipande ambacho hakikunyang'anywa na mtu, tukikitoa kwa mikono yetu ili tulipie leseni, tutamshitaki nani?

Wako wanaofaa njia hii. Nawajua wafanyabiashara wanaonunua nguo Deira na vipuri vya magari Sharjah, wakavileta kwa kontena bandarini kwetu. Kwao biashara ilitangulia, iqama ikaja kuirahisishia: akaunti ya benki, ghala, kuingia na kutoka. Kwa mpwa wangu iqama ndiyo imetangulia, na biashara bado haina jina. Nilipomuuliza atauza nini, alinijibu, "Nikifika nitajua."

Nilimpa rai tatu. Aende kwanza kwa viza ya matembezi, mwezi mmoja, tiketi nitachangia. Aandike kwenye karatasi gharama za mwaka wa pili, maana wakala hutaja za mwaka wa kwanza tu. Na mtaji autafute kwa mudharaba: wenye pesa katika ukoo watoe, yeye atoe kazi, faida igawanywe kwa makubaliano. Hasara ikija bila uzembe wake, wenye mtaji wapoteze pesa na yeye apoteze jasho, lakini shamba libaki. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na anayerudi lazima apate pa kurudi.

Alisikiliza kwa adabu, akainuka bila kumaliza kahawa yake. Nakala ya hatimiliki akaiacha juu ya baraza, nadhani kwa makusudi. Mama yake hajanipigia simu tangu usiku ule, naye si mtu wa kupitisha siku mbili bila kunijulia hali. Ijumaa nitamwendea mwenyewe. Huenda nikamkuta amekasirika, na hilo nitalivumilia. Sahihi yangu bado sijaitia.

Wallahu a'lam.